Homa Haijali Caption Yako

Kila mtaa uko na huyu msee. Unamjua. Pua inamwaga ka mfereji wa kanjo, macho red, sauti ilienda jana, na bado ako gym saa kumi na mbili asubuhi akijirekodi. Caption: "No days off." Buda, umechoma picha.

Na hiyo gym tunaijua. Mabati juu, mabati side, dirisha zero, vyuma za simiti, bench moja yenye sponji iliisha kitambo. Msee akikohoa hapo Jumatatu, kufika Ijumaa mbogi yote iko keja ikikunywa ndimu na tangawizi. Session ulilipa soo. Homa ukapewa free.

Rada ya kwanza iko kwa shingo. Shida ikiwa juu ya shingo, pua imeziba, koo inawasha kiasi, unaweza toka utembee, ama upige tizi nusu ya kawaida, nje, mbali na watu. Ikishuka chini ya shingo, imeisha hiyo. Kifua inabana, mwili yote inauma, tumbo inaendesha, ama uko na joto: lala. Joto ikipanda, roho inapiga mbio hata ukiwa umelala tu, na kuna virusi zinaingianga mpaka kwa misuli ya roho. Ongeza squats hapo uone. Hiyo kitu haiuzwi spare Kirinyaga Road. Na hii story ya "nitaitoa na jasho" haijawahi toa virusi ya mtu. Inatoa maji tu.

Wazae nao wako na theory yao. Ni sweta. Mafua? Hukuvaa sweta. Malaria? Sweta. Umeteguka mguu ukipiga ball? "Nilikuambia nini kuhusu hiyo baridi?" Mathe atakupaka Vicks mpaka nyayo, akufunike blanketi tatu na joto tayari imegonga 39, alafu aseme ni gym ilikuletea. Shosho akiwa around, mwarobaini inachemka. Tunawapenda. Hatuwaskizi.

Sasa hii kitu inaitwa consistency. Wengi hudhani ni kutokosa hata siku moja. Cheki Kipchoge, yule msee wa marathon. London, Oktoba 2020, mvua na baridi, sikio ikaziba, GOAT akamaliza namba 8. Na huyu alikuwa hajapoteza marathon tangu Berlin 2013. Mtandaoni wakamzika. Yeye hakurudi wiki iliyofuata ku-prove kitu. Marathon ingine alikimbia Aprili 2021. Agosti mwaka huo huo akabeba gold ya Olympics huko Sapporo, na Septemba 2022 akavunja rekodi yake mwenyewe Berlin, 2:01:09. Sasa wewe na streak yako ya app unaogopa kukosa leg day?

"Lakini gains zitaenda!" Tulia. Wiki moja kwa bed haimalizi mtu. Pumzi ndio hutoka haraka, wiki mbili hivi bila tizi unaanza kuiskia kwa ngazi. Nguvu hukaa zaidi, na ukirudi, misuli hujijenga haraka kuliko ile mara ya kwanza ulikuwa umekonda ka mwiko.

Malaria ni league ingine. Umeenda ushago Disemba, Busia ama Kisumu, umerudi Nairobi na souvenir. Ukipewa AL, ile dawa ya malaria, mtu mzima humeza tembe 24: nne asubuhi, nne jioni, siku tatu, na dish iko na mafuta kiasi ndio dawa iingie poa. Siku ya pili joto inashuka, msee anajiskia Superman, anawacha dawa na kurudi kwa vyuma. Makosa mbili siku moja. Malaria hupasua zile seli nyekundu hubeba oksijeni, so hata ukipona, pumzi bado ni deni. Alafu kuna wengu, ile kitu hukaa kushoto chini ya mbavu. Malaria inaweza ifurisha, na ikifura ukigongwa inaweza pasuka. Ball ya mtaa na zile tackle za kishenzi? Ngoja daktari acheki kwanza.

Test ya kurudi nayo ni mtungi. Flat za Umoja na Pipeline: maji iko chini, keja iko fifth floor, lift ni ndoto. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Ka nusu mtungi mpaka third floor inakufanya ukalie ngazi ukijifanya uko kwa call, hauko ready kwa deadlift. Tumekuona. Hiyo call haina mtu.

Ukiamka, kabla ushike simu, weka vidole mbili kwa mkono, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha mara mbili. Ikiwa iko juu sana ya kawaida yako, mwili bado iko vitani. Session ya kwanza ni nusu ya vyuma, nusu ya muda. Alafu ngoja kesho. Ukiamka fiti, ongeza kidogo. Ukiamka umechapwa, rudi nyuma. Kifua ikiuma ukipiga tizi, roho ikirukaruka, ama ukiskia kizunguzungu, usiulize trainer. Enda hosi.

Na usiporwe. Saa hii ndio utauziwa "immunity shot" huko Westlands na bei ya kuku mzima. Ni tangawizi, buda. Mathe ako nayo jikoni, next to ile mwarobaini. Pre-workout iache kwa kabati, hiyo caffeine ni ya roho imepumzika. Manga mayai boilo na kachumbari pale stage, ndengu chapo, omena. Protini ya mtaa, bei ya mtaa.

Mbogi ikicheka ati umebeba vyuma za watoi, wape ule mtungi wakupandishie.