KIDONDA KISICHOTOKA DAMU



Mtu akivunjika mguu shimoni, wenzake hawamwulizi kama yeye ni mwanaume kweli. Wanamfunga mguu, wanambeba kwa machela, wanamfikisha kwa mganga. Lakini akitoka mzima katika ajali iliyoua wengine, kisha akashindwa kulala, anaambiwa: «Jikaze! Acha woga!» Huko ni kumwacha majeruhi njiani. Leo ukurasa wetu unakueleza kidonda hicho: namna kinavyoingia, dalili zake, na namna kinavyopona.

KINAINGIA NAMNA GANI?

Ndani ya ubongo kuna mlinzi. Akiona hatari anapiga kengele: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, mwili uko tayari kukimbia au kupigana. Kengele hiyo imeokoa wachimbaji wengi. Hatari ikipita, inapaswa kunyamaza. Lakini kwa mtu aliyeona kifo kwa karibu, mara nyingine inakwama. Inalia kwa ajili ya mlango uliofungwa kwa kishindo, harufu ya baruti, au mvua juu ya mabati.

Sisi watu wa Kivu ya Kusini hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Bukavu. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, maji ya mvua yalijaa katika mashimo ya dhahabu, makumi ya watu wakafa. Tarehe 27 Februari 2025, hapa Ibanda, milipuko ilitokea kwenye mkutano katika Place de l'Indépendance. Watu zaidi ya 10 walikufa na wengi walijeruhiwa. Waliokufa walizikwa, wenye vidonda walifungwa bendeji. Lakini yule aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo akarudi nyumbani kwa miguu yake, nani alimwuliza habari ya usiku wake?

Kuumwa hivi si woga. Katika vita vya 1914-1918 askari wengi wa Ulaya walipatwa na hali hii, na wengine wakaadhibiwa kama waoga. Mwaka 1980 waganga wa Marekani waliuandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili. Si uchawi wala laana ya ukoo.

DALILI ZAKE

1. Ajali inarudi: katika ndoto mbaya, au mchana, kama vile inatokea tena.
2. Mtu anakimbia kila kinachomkumbusha: anazunguka njia, hataki kushuka shimoni, hataki kusikia majina ya waliokufa.
3. Yuko macho wakati wote: anashtuka upesi, anakasirika bure, halali.
4. Moyo unapoa: hana furaha na watoto, anajilaumu kwamba yeye amebaki na wenzake wamekwenda.

Katika siku na wiki za kwanza dalili hizi ni za kawaida, na watu wengi wanapona bila dawa. Lakini zikipita mwezi mmoja, au zikizuia kazi na usingizi, mtu anahitaji kutibiwa. Akisema anataka kufa, usingoje hata siku moja: usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

WEWE MWENZAKE, FANYA HIVI

Mwondoe penye hatari, mpe maji na blanketi, kaa naye. Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, usimlazimishe kueleza aliyoyaona; kumshurutisha kunaweza kumwumiza zaidi. Msaidie kuwapata watu wake. Moyo ukimwenda mbio, mwambie aweke miguu chini, atoe pumzi polepole, akutajie vitu vitano anavyoviona mbele yake.

Usimpeleke kunywa. Kasiksi na kanyanga vinamlaza saa mbili, kisha ndoto zinarudi kwa nguvu. Wala asinunue vidonge vya usingizi sokoni.

Nawe kapita, kumbuka: mtu asiyelala hafai kushika baruti wala mashine. Mpe kazi ya juu kwa muda, bila kumdharau. Unamlinda yeye na kundi lote.

WEWE MAMA WA NYUMBA

Akipiga kelele usingizini, usimshike ghafula. Anaweza kukupiga bila kujua. Simama mbali kidogo, mwite kwa jina, washa taa. Saa za kula na kulala zisibadilike ovyo. Mtoto aliyeona mabaya akianza tena kukojoa kitandani, au akicheza kila siku mchezo wa vita, usimchape. Mkae karibu, mwambie ukweli kwa maneno mafupi, arudi shuleni mara inapowezekana.

Na wewe mwenyewe unaweza kuwa na kidonda. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inaanzishwa ndani ya saa hizo. Hata zikipita, aende.

KINAPONA

Dawa kubwa ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, hatua kwa hatua. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliopatwa na ukatili. Wengine walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, katika kila wanawake 100 wa vikundi, 9 tu walibaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kwa wengine walikuwa 42. Tiba hiyo iliongozwa na wasaidizi wa huku kwetu, na wagonjwa wengi hawakujua kusoma.

Hapa Ibanda iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Huko mwili unatibiwa pamoja na moyo. Mjini Bukavu kuna pia SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili. Ukiwa mbali, anza na mwuguzi wa kituo cha afya, mwambie wazi: «Silali tangu ile ajali.»

Ndugu msomaji, wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Unapotoa ripoti ya ajali, usihesabu mifupa iliyovunjika tu. Mwulize mwenzako: «Unalala?» Kisha ngoja jibu lake.