PICHA SI KUBONYEZA TU

Jarida hili ulilolishika mkononi lilitutoa jasho. Wengi hudhani kupiga picha ni kubonyeza tu, basi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mwalimu mlezi wa chama aliponikabidhi kamera yake na kuniambia, "Nataka picha ya asubuhi ya Likoni."

Kesho yake saa kumi na mbili u nusu nilikuwa kwenye steji ya matatu. Nikamwona mama mmoja akiuza mahamri na mbaazi. Nikabonyeza, bila hata salamu. Lo! Mama aliniona.

"We kijana, nani alokwambia unipige picha? Hebu njoo hapa!"

Magoti yalinicheza. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikamtaka radhi na kumweleza habari za jarida. Akataka kuiona picha yenyewe. Alipoiona alicheka: "Huyu ni mimi ama ni sufuria ya masizi?"

Kweli, uso ulikuwa mweusi tititi. Kosa lilikuwa hili: jua lilikuwa nyuma yake. Kamera hupima mwanga unaoingia. Ikikuta anga inang'aa sana hupunguza mwanga, na uso ukabaki gizani. Dawa yake ni mtu ageuke apate mwanga usoni, au mpiga picha ahame. Mama alikubali kugeuka, akajifunga leso yake vizuri, nikapiga tena. Mara hii hata mvuke wa mbaazi ulionekana.

Somo la pili ni kurasa. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4. Kwa hivyo jarida la kukunja na kupigwa pini lazima liwe na kurasa 8, 12, 16, 20 na kuendelea. Sisi tulikuwa na 18! Ama tuondoe mbili, pamoja na shairi ambalo rafiki yangu alilihangaikia muhula mzima, ama tuongeze mbili. Tulibishana mpaka tukanuniana. Mwisho habari ya yule mama na picha yake zikajaza kurasa mbili, na shairi likapona. Tuliziweka katikati, kurasa 10 na 11. Hapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja, hivyo picha huenea pande zote bila kukatika.

Tena tuliacha nafasi nyeupe pembeni, maana maandishi yaliyobanana humchosha msomaji. Na chini ya kila picha tukaandika maelezo mafupi.

Msidhani haya ni mchezo wa watoto. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kazi hii akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu, na misaada ikamiminika. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Ngazija, lakini picha zake zipo hadi leo.

Mama wa mahamri nimemwahidi nakala ya kwanza. Alinisisitizia jambo moja tu: jina lake lisikosewe. Nimelihakiki mara tatu!

Wahenga walinena, kuuliza si ujinga. Nami naongeza: kuomba ruhusa si unyonge.