Somo la Redio: Mpango wa Fedha ya Nguo

Somo letu la leo ni juu ya fedha ya nguo. Twaeni kalamu na madaftari, maana tutafanya hesabu.

Kila mtu hupenda kuvaa vizuri, wala si vibaya. Lakini nguo hainunuliwi kila siku kama unga, na kwa sababu hiyo watu wengi huisahau wanapopanga matumizi. Kisha siku ya nguo hufika ghafla, ikamkuta mtu mikono mitupu.

Siku hizo twazijua. Ya kwanza ni Januari, shule zinapofunguliwa. Katika shule za serikali za Tanzania ada haitozwi tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Lakini sare na viatu hununuliwa na mzazi. Nyingine ni Idi na Krismasi. Nyingine tena ni harusi za ndugu, ambapo wanawake huambiwa wote wavae kitenge cha namna moja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuandike. Chukua ukurasa mmoja, andika nguo zinazohitajiwa nyumbani kwako mwaka mzima. Tutoe mfano wa nyumba yenye watoto wawili:

Sare za shule: shilingi 48,000
Viatu vya shule, jozi mbili: shilingi 30,000
Kanga za mama, doti moja: shilingi 12,000
Shati na suruali ya baba: shilingi 20,000
Uzi, vifungo na kazi ya fundi: shilingi 10,000

Jumlisheni. Mmepata ngapi? Ni shilingi 120,000. Ukiitazama fedha hiyo kwa mara moja, inatisha. Sasa igawanyeni kwa miezi 12. Jibu ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Mtu akiiweka kila mwezi katika kibubu, au katika akiba ya simu, Januari haitamtisha. Haba na haba hujaza kibaba. Bei za kwenu huenda si hizi, andikeni zenu.

Pili, tujifunze kupima urahisi wa nguo. Tuseme shati la mtumba ni shilingi 6,000, nalo litavaliwa miezi 6. Shati jipya ni shilingi 15,000, nalo litavaliwa miaka 2, yaani miezi 24. Lipi ni rahisi? Gawanyeni. La kwanza ni shilingi 1,000 kwa mwezi. La pili ni shilingi 625. Hapa lililokuwa ghali ndilo rahisi. Lakini si kila mara. Mitumba mingine ni imara kuliko nguo mpya. Kwa hiyo itazame mwangani: kola, kwapa, mishono na zipu. Na ukimshonea mtoto sare, mwambie fundi aache pindo refu. Mtoto akirefuka, pindo litashushwa, nawe hutanunua nyingine upesi.

Tatu, tujihadhari na nguo za mkopo. Kitenge ni shilingi 20,000 kwa fedha taslimu. Mchuuzi anasema, “Chukua tu, mama, utanilipa 5,000 kila mwezi, miezi 6.” Zidisheni: 5,000 mara 6 ni 30,000. Umeongeza shilingi 10,000, ambayo ni fedha ya nguo ya mwezi mzima. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Je, ndugu akikuletea habari ya kitenge cha harusi, na fedha haipo? Usinyamaze, wala usikope kwa siri. Mwambie mapema, kwa adabu: “Dada, nakupenda na harusi nitakuja. Mwaka huu fedha ya nguo ni ya sare za watoto. Nitavaa kanga zangu nzuri, nami nitakuja kukusaidia kupika.” Huenda wengine wakanong’ona siku moja. Lakini mtoto asiye na sare huona haya mbele ya wenzake kila asubuhi, na mwingine huacha kwenda shule. Kati ya mawili hayo, chagueni wenyewe.

Mwisho, mpango huu uandikwe na mume na mke pamoja. Baba akinunua viatu kwa siri, na mama akichukua kitenge kwa siri, daftari halina kazi.

Kazi ya nyumbani: andikeni nguo tano zinazohitajiwa nyumbani kwenu mwaka huu, na bei zake. Jumlisheni, kisha gawanyeni kwa 12. Mwonyesheni mwalimu wenu jibu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.