Kukata Mstari kwa Kompyuta

Wengi huona kwamba kukata mstari ni jambo dogo. Nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya Juni, nilipopewa kazi ya kuandika kwa kompyuta orodha ya wenzetu 25 waendao Rombo, ili wawekewe viti katika gari. Kila mmoja alipaswa kupata mstari wake: jina, kisha kijiji.

Nilitumia faili la bachi, yaani faili lenye amri ambazo Windows huzitimiza moja baada ya moja. Amri ya echo huandika maneno, kisha hukata mstari yenyewe pasipo kuambiwa. Kwa hiyo jina likakaa juu, kijiji kikakaa chini yake, na watu 25 wakawa mistari 50.

Mwalimu akanionyesha njia nyingine. Kazi hasa ya amri ya set /p ni kuuliza swali na kungoja jibu. Huliandika swali bila kukata mstari, maana jibu hufuata papo hapo. Tukiitangulizia <nul, hupata jibu tupu, nayo haimngoji mtu. Basi twaandika hivi:

<nul set /p "=Jina, ">>orodha.txt
echo Tarakea>>orodha.txt

Amri ya kwanza yaacha mstari wazi. Ya pili yaumaliza. Alama >> huongeza maneno mwishoni mwa faili. Ukiweka > moja tu, yote yaliyokuwamo hufutwa.

Je, ni nini hasa kinachokata mstari? Ni alama mbili zisizoonekana, namba 13 na namba 10. Zatoka zamani za teleprinta, mashine zilizopokea maandishi kwa waya: 13 ilirudisha kichapishi kushoto, na 10 ilisogeza karatasi mstari mmoja. Windows huweka zote mbili. Linux huweka 10 peke yake. Ndiyo sababu faili la Linux, likifunguliwa kwa Notepad ya kabla ya mwaka 2018, lilionekana kama mstari mmoja mrefu.

Sasa niseme kosa langu. Mahali pamoja, kwa haraka, nilitumia set /p kwa kijiji pia. Watu wawili wakaungana katika mstari mmoja. Tulihesabu mistari kwa amri hii:

find /c /v "" orodha.txt

Tukapata 24, tukaomba viti 24. Asubuhi ya safari mtoto wa kidato cha kwanza alibaki langoni na sanduku lake. Mwalimu alimtafutia gari la mchana, nami nikambebea sanduku hadi stendi ya Moshi. Njia nzima hakunilaumu, nami niliona haya zaidi.

Tangu siku ile huhesabu mistari, kisha huhesabu watu. Hesabu hizo mbili zisipolingana, sipeleki orodha kwa mtu.