Mgongo ukiuma miezi mitatu, kulala tu si dawa

IWAPO unaishi Kibera na kibarua chako kiko Eneo la Viwandani, huenda unatembea kwa miguu kila alfajiri, unapakia magunia mchana kutwa, kisha jioni unabeba mtungi wa maji wa lita 20 hadi nyumbani. Iwapo uko Kawangware na unafua nguo za watu Lavington, unainama juu ya karai kwa muda mrefu bila kujinyosha. Haishangazi basi kwamba mgongo unalalamika. Ajabu ni kuwa maumivu hayo yanakataa kuondoka hata ununue vidonge mara ngapi.

Maumivu huitwa sugu yanapopita miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Kwa wengi wao, takriban tisa kati ya kila kumi, hakuna ugonjwa wala jeraha mahsusi linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo. Usidhani unaambiwa unajisingizia. Neva zilizozoea kupeleka habari za maumivu huwa nyepesi kushtuka, mithili ya mbwa anayebweka hata jani likianguka. Nawe kwa hofu unajilaza, misuli inalegea, na siku ya kurudi kazini unaumwa kuliko awali.

Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa fiziotherapia. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, WHO ilipendekeza mazoezi pamoja na kumwelimisha mgonjwa kuhusu hali yake. Haikupendekeza mikanda ya kiuno (ile inayochuuzwa kila mahali), wala dawa kali za jamii ya mofini.

Pengine utauliza: mimi ninayebeba mizigo tangu asubuhi, mazoezi ya nini tena? Kazi hurudia mwendo ule ule, kwa uzito ambao hukuuchagua, na mwenye mali hangoji upumzike. Mazoezi ya tiba hupimwa kulingana na mwili wako, huanza kidogo na kuongezwa polepole.

Ukifika kwa mtaalamu, usiseme tu "mgongo unauma". Mweleze unafanya kazi gani, na mtungi unaubeba vipi: kichwani, mkononi, au mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mwonyeshe unavyoinama. Huenda akakushauri ugawe maji katika mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au uinue karai juu ya benchi. Mazoezi yenyewe ni ya kawaida. Unalala chali mkekani, magoti yamekunjwa, unainua makalio taratibu na kuyashusha. Au unaketi kwenye kigoda na kusimama bila kujisaidia kwa mikono. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinatosha.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayamaanishi unajidhuru. Yakiendelea hadi kesho yake, punguza idadi lakini usiache. Wengi huharibu mambo siku wanayojisikia vizuri: wanakubali kazi ya watu wawili, halafu wanalala siku tatu bila mapato. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na si kila siku itakuwa bora kuliko jana.

Wakazi wa Kibera wako karibu na Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta. Ukikosa nauli ya kwenda kila wiki, sema hivyo siku ya kwanza, uonyeshwe mazoezi ya nyumbani na kupewa tarehe ya kurudi. Chini ya sheria ya 2014, wataalamu hawa husajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya, na una haki ya kuuliza leseni. Mwalimu wa jimu ya mtaani anaweza kukufaa baadaye, mradi asikuanzishe na vyuma vizito.

Kuhusu vidonge, diclofenac na ibuprofen husaidia kwa siku chache. Kuvimeza kila siku kwa miezi, hasa bila kumwona daktari, kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Kuna maumivu ambayo hayafai kuanzishiwa mazoezi kabla ya kumwona daktari. Ukiwa na homa, jasho jingi usiku na unakonda, huenda ni kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo, na matibabu yake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Ukiwa umeanguka kutoka juu kwenye mjengo, upigwe picha kwanza. Na miguu ikikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.