Kifuniko cha flaiwili cha kujitengenezea

Fiat X1/9, gari dogo la Kiitaliano la viti viwili, injini yake iko nyuma ya dereva. Bamba la chini la flaiwili likiwa halipo, mchanga na maji ya chumvi hufika hadi kwenye klachi. Mimi hulitengeneza hivi. Natoa waya wa betri, nasimamisha gari kwenye stendi. Jeki peke yake, wallahi, haina urafiki. Nachora umbo kwenye boksi, nakata bati la aluminiamu la milimita 1.5 na kupiga tupa kingo zake. Toboa tundu dogo chini, mafuta yakivuja utayaona. Bolti zipake grisi, maana hewa yetu ya bahari hula aluminiamu pale inapogusana na chuma. Kabla ya kuwasha, weka gia huru, zungusha injini kwa spana; ukisikia mkwaruzo, fungua ulikunje upya.