Uji wa kuchacha na maziwa lala: Vyombo safi ndio mwanzo, hata katika nyumba ndogo

WAKAZI wengi wa mijini hudhani kwamba uji wa kuchacha na maziwa lala ni mambo ya mashambani, ambako kuna kibuyu, mtungi na nyanya anayeijua kazi hiyo. Mjini watu hununua pakiti dukani, au hupeleka chupa kwenye mashine ya kuuzia maziwa.

Ukweli ni kwamba anayeishi katika chumba kimoja ghorofani anaweza kujitengenezea vinywaji hivi. Anachohitaji ni pembe moja ya jikoni, vyombo vichache na subira ya siku moja au mbili.

Lakini kazi hii ina masharti yake. Chakula kilichochachushwa vizuri huilinda familia, ilhali kilichochachushwa katika uchafu huweza kumpeleka mtoto hospitalini akiendesha.

Kuchacha ni nini?

Uji au maziwa huchacha bakteria wa aina fulani wanapokula sukari iliyomo na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta ule ukali ulimini. Vile vile, huzuia viini vingi vinavyosababisha kuhara visiongezeke.

Aidha, kuchacha hupunguza kemikali iliyo katika nafaka ambayo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Kwa sababu hiyo, uji wa wimbi uliochacha huufaa mwili kuliko ule uliopikwa moja kwa moja, hasa kwa akina mama waja wazito na watoto waliokwisha kuanza kula.

Kwa upande wa maziwa, sehemu ya sukari yake huliwa na bakteria hao. Ndiyo maana kuna watu ambao maziwa mabichi huwajaza tumbo gesi, lakini maziwa lala huyanywa bila taabu.

Vyombo vya kuanzia

Usikimbilie kununua vitu vya bei. Vyombo vinavyohitajika ni hivi:

Mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, au ndoo ndogo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, ya lita 2 hadi 5. Ni vyema uwe na viwili, kimoja cha uji na kingine cha maziwa.

Sufuria ya kuchemshia, mwiko, chujio, kikombe cha kupimia, na kitambaa safi chepesi cha kufunikia.

Epuka ndoo iliyowahi kutiwa rangi, sabuni ya maji au dawa ya mimea, hata ukiisugua namna gani. Usichachushie katika ndoo ya mabati wala sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huyala madini hayo na kuyaingiza katika kinywaji. Ndoo ya plastiki iliyokwaruzwa ndani pia haifai, maana viini hujificha katika mikwaruzo.

Kabla ya kuanza, osha vyombo kwa sabuni na maji, visuuze, kisha uvimwagie maji yanayochemka. Ikiwa ni plastiki isiyostahimili maji ya moto, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Nawa mikono kwa sabuni. Maji ya tangi la ploti yachemshwe kwanza, hata kama yanaonekana maangavu.

Uji

Koroga vikombe 2 vya unga wa wimbi, mtama au mahindi katika vikombe 4 vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tia katika mtungi, ufunike kwa kitambaa na uuweke mahali penye kivuli, mbali na jiko na pipa la taka.

Mara ya kwanza huenda ukachukua siku 2 au 3. Ukishachacha, weka kando nusu kikombe iwe chachu ya mara ijayo. Ukiitumia, mkorogo mpya utakuwa tayari baada ya siku moja hivi. Mombasa na Kisumu kazi huenda haraka kwa sababu ya joto. Nairobi, hasa kati ya Juni na Agosti, huchelewa.

Baada ya hapo uji ni lazima upikwe. Chemsha maji, mimina mkorogo huku ukikoroga, uache utokote kwa dakika 10 au zaidi. Kuchacha hakuchukui nafasi ya moto.

Ikiwa unga wako umechanganywa na njugu au omena, usiuchachushe. Chachusha nafaka pekee, na hivyo vingine uvitie wakati wa kupika.

Maziwa

Chemsha lita 1 ya maziwa, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba ni safi. Maziwa mabichi huweza kubeba viini vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya bruselosi, ugonjwa unaoleta homa ya kwenda na kurudi pamoja na maumivu ya viungo. Usidhani kwamba ukali wa maziwa utaviua.

Yaache yapoe kabisa huku yamefunikwa. Tia vijiko 2 vikubwa vya maziwa lala ya dukani yasiyotiwa sukari wala ladha, koroga, funika na uyaache kwa saa 16 hadi 24. Yakishaganda, yaweke katika friji. Asiye na friji atengeneze kiasi kinachomalizika siku hiyo hiyo.

Ikiwa maziwa yanakataa kuchacha, usiyalazimishe. Huenda ng'ombe alikuwa akitibiwa kwa antibiotiki, au mtu ameyatia dawa ili yasiharibike. Badilisha muuzaji.

Dalili za hatari

Harufu ya kuchacha ni kali lakini safi. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, au ukanusa uvundo, mwaga vyote. Kuukwangua ukungu wa juu hakutoshi.

Jambo kubwa zaidi ni unga wenyewe. Nafaka iliyoota kuvu huwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika. Kuchachusha pia hakutegemewi kuimaliza. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki nchini, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Chagua nafaka kavu, uziondoe punje zilizobadilika rangi kabla ya kupeleka kusaga, na unga usioaminika usiupe nafasi jikoni mwako.

Isitoshe, usikaze kifuniko wakati kinywaji kinachacha. Gesi hujikusanya ndani na kuweza kuipasua chupa, na vipande vya kioo katika chumba kidogo ni hatari kwa macho ya watoto.

Je, pombe?

Kuna watakaouliza kwa nini wasiendelee hatua moja zaidi. Kimea na hamira zikiongezwa na siku zikizidi, mkorogo wa nafaka hugeuka pombe, na busaa hutokana na njia iyo hiyo. Lakini sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza.

Maafa tunayoyasoma magazetini husababishwa hasa na methanoli inayotiwa katika vinywaji ili vipate ukali. Mwaka wa 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi kwa sababu hiyo, na Februari 2024 maafa mengine yakatokea Kirinyaga. Mkorogo wa mtoto usikae siku nyingi hadi ukanukia pombe, na kamwe usiutie hamira.

Nani awe mwangalifu?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo anaweza kupewa uji uliochacha na kupikwa vizuri, mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka.

Mgonjwa wa kisukari anywe uji bila sukari na apime kiasi, kwa kuwa unga wenyewe ni wanga. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aanze na kidogo na kuona unavyomkubali. Mtu ambaye kinga yake imepungua kwa ugonjwa au kwa dawa amwone daktari wake kwanza.

Mtoto akianza kuendesha, mpe maji ya chumvi na sukari maalum yanayopatikana katika zahanati, uendelee kumnyonyesha, na umpeleke kwa daktari upesi ukiona macho yamebonyea, kinyesi kina damu au hawezi kunywa.

Kumbuka: anza na mtungi mmoja na kiasi kidogo. Andika kwenye karatasi siku na saa ulipoanza, uibandike kwenye mtungi. Usipokuwa na hakika na ulichotengeneza, kimwage. Hasara ya vikombe 2 vya unga ni ndogo kuliko gharama ya kulazwa.